Tunashona jinzi, jina si letu

KILA mara sheria ya AGOA inapojadiliwa jijini Washington, sisi huku hushikwa na jakamoyo. Mawaziri hupanda ndege, wenye viwanda huandika barua, na akina mama wanaoketi nyuma ya vyerehani kule Athi River na Ruaraka hulala wakihesabu siku. Muhula wa miaka kumi ambao sheria hiyo iliongezewa mwaka 2015 ulimalizika tarehe 30 Septemba 2025. Miezi michache kabla ya hapo, mnamo Aprili, Rais Donald Trump alikuwa ametangaza ushuru wa asilimia 10 kwa bidhaa zitokazo Kenya. Tangu wakati huo tumekuwa tukiulizana swali moja tu: je, Wamarekani watatuongezea muda, na ni muda gani?

Silibezi swali hilo. Anayelibeza hajawahi kulipa kodi ya chumba kimoja Mlolongo kwa mshahara wa kiwandani. Hata hivyo, nionavyo mimi, tumelizoea mno hata tukasahau kuuliza jingine lililo zito zaidi. Suruali za jinzi tunazozishona, zenye majina makubwa ya Kimarekani kama vile Levi's na Wrangler, zilifikaje mikononi mwetu? Wahenga walinena kwamba usione vyaelea, vimeundwa. Nimeona vyema leo kuisimulia historia ya ile iliyo kongwe zaidi kati ya chapa hizo, kwa kuwa mwalimu wa historia na mwalimu wa masomo ya biashara watapata humo mambo ambayo vitabu vya kiada aghalabu huyapitia kwa mbali.

Levi Strauss alizaliwa mwaka 1829 katika kijiji cha Buttenheim, Bavaria, katika familia ya Kiyahudi. Jina lake la utotoni lilikuwa Löb. Baada ya baba yake kuaga dunia, alivuka bahari pamoja na mamake na dada zake hadi New York mnamo 1847. Huko kaka zake wa kambo walikuwa na biashara ya kuuza vitambaa na nguo. Mwaka 1853 akaelekea San Francisco, wakati ambapo habari za dhahabu zilikuwa zimewavuta watu wa kila taifa kuja California. Strauss hakwenda kuchimba dhahabu. Alikwenda kuwauzia bidhaa wenye maduka ambao nao waliwauzia wachimbaji, na kwa miaka takriban 20 alikuwa mfanyabiashara wa jumla kama wengine wengi, asiye na uvumbuzi wowote wa kusimulia.

Ipo ngano inayopendwa kwamba Strauss alifika na majora ya turubai za kushonea mahema, akakosa wanunuzi, akazigeuza suruali za wachimba dhahabu. Ni hadithi tamu, lakini haina mashiko. Tetemeko la ardhi na moto wa mwaka 1906 viliteketeza makao ya kampuni hiyo pamoja na kumbukumbu zake, na palipokosekana maandishi hadithi zikachipuka kama uyoga. Wanafunzi wa historia na waizingatie sana nukta hii: kampuni nazo hujitungia visasili vya asili yao, kama zifanyavyo koo za kifalme.

Ukweli wenyewe unatoka katika mji mdogo wa Reno, jimbo la Nevada, na mwenyewe si Strauss bali ni fundi cherehani aitwaye Jacob Davis, mhamiaji mzaliwa wa Riga. Karibu na mwisho wa mwaka 1870 mwanamke mmoja alimjia akitaka suruali ngumu ya mumewe, kibarua wa kazi za sulubu ambaye mifuko yake haikukaa siku mbili bila kuchanika. Davis alikuwa na ribiti za shaba, vile vifungo vidogo vinavyopigwa kwa nyundo, alizozitumia kufungia mikanda kwenye matandiko ya farasi. Akazipiga kwenye pembe za mifuko ya suruali hiyo, akaiuza kwa dola 3. Haukupita muda mrefu kabla ya vibarua wa reli na wakata miti kumiminika dukani kwake.

Davis aliingiwa na hofu ya kuigwa. Gharama ya kuomba hataza ilikuwa dola 68, na kwa fundi wa kiwango chake hizo hazikuwa fedha za mchezo. Kwa hivyo mnamo Julai 1872 alimwandikia barua Strauss, aliyekuwa akimuuzia vitambaa, akimwomba walipie hataza hiyo kwa ubia. Tarehe 20 Mei 1873 serikali ya Marekani ikatoa hataza nambari 139,121 kwa jina la Davis na kampuni ya Levi Strauss.

Hapa ningeomba tutue kidogo. Hataza hiyo haikuhusu suruali, kwani suruali zilikuwapo. Haikuhusu kitambaa cha denimu, kwani hicho kilifumwa miaka mingi kabla. Haikuhusu hata ribiti zenyewe. Ilihusu jambo moja tu: kuuimarisha mdomo wa mfuko ili usichanike. Kutokana na kijambo hicho ikazaliwa biashara ambayo mwaka 1996 iliuza bidhaa za zaidi ya dola bilioni 7. Na yule aliyekuwa na wazo lakini hakuwa na dola 68, ni nani leo anayelikumbuka jina lake? Davis alihamia San Francisco, akasimamia ushonaji, akaishi maisha ya staha. Jina lililobandikwa kiunoni, hata hivyo, ni la mwenye mtaji.

Hataza za enzi hiyo zilidumu miaka 17. Ilipofika 1890 ulinzi ukaisha, na mtu yeyote akawa huru kupiga ribiti mfukoni. Kampuni nyingine za nguo za kazi zikaingia sokoni kwa vishindo. Ni katika kipindi hiki ambapo wenye kampuni hiyo walidhihirisha werevu wao, na kwangu mimi hiki ndicho kiini cha historia nzima. Walitambua kwamba uvumbuzi hufa lakini alama haifi. Tangu 1886 walikuwa wamekwisha kushona kiunoni kipande cha ngozi chenye picha ya farasi wawili wakiivuta suruali pande mbili bila kuirarua. Wateja wengi hawakujua kusoma, na wengine hawakujua Kiingereza. Walichohitaji ni kuingia dukani na kuulizia suruali ya farasi wawili. Mnamo 1890 ikaja nambari 501. Mwaka 1936 ukaongezwa utepe mwekundu ubavuni mwa mfuko wa nyuma, ili mpita njia aitambue suruali kutoka mbali. Kisha kuna ile mishono miwili ya upinde kwenye mifuko ya nyuma, isiyoshikilia chochote. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili serikali ya Marekani iliamuru uzi na madini viwekwe akiba. Uzi wa pambo ukapigwa marufuku. Kampuni ilifanya nini? Iliipaka mishono hiyo kwa rangi! Waliacha uzi, hawakuacha alama.

Mgala muue na haki yake mpe. Strauss hakuwa mchoyo. Mwaka 1897 alitoa ufadhili wa wanafunzi 28 katika Chuo Kikuu cha California. Alifariki 1902 bila mke wala mtoto, akawarithisha wapwa wake wanne. Kizazi cha familia hiyo kiliiendesha kampuni kwa miongo mingi. Lakini upo ukurasa mwingine usiosomwa kwa sauti. Katika miaka ya 1880 chuki dhidi ya Wachina ilikuwa imepamba moto California, na mwaka 1882 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini. Mnamo 2022 suruali kuukuu ya miaka hiyo, iliyookotwa katika mgodi uliohamwa, ilipigwa mnada kwa zaidi ya dola 76,000. Ndani ya mfuko wake yamechapishwa maneno yanayojigamba kuwa hiyo ndiyo aina pekee iliyotengenezwa na vibarua weupe. Kampuni iliyoasisiwa na mhamiaji, kwa ubunifu wa mhamiaji mwingine, ilitafuta soko kwa kuwakana wahamiaji. Sera hiyo ilikuja kuachwa, lakini mfuko bado unasomeka.

Na kitambaa je? Denimu hufumwa kwa uzi wa aina mbili: mtande uliotiwa rangi ya nili na mshindio mweupe. Nili ina tabia ya ajabu. Haipenyi hadi kiini cha uzi bali huganda juu juu, na kila inapofuliwa au kusuguliwa hubanduka kidogo. Ndiyo maana jinzi hupauka magotini na kwenye makalio kwa namna ya mvaaji wake. Kasoro ya rangi ikawa ndiyo uzuri wa vazi.

Nili hiyo ina historia ya machozi. Kule Bengal wakulima waliasi mwaka 1859 dhidi ya mabwana wa Kiingereza waliowalazimisha kuipanda badala ya mpunga, na mwaka 1917 Gandhi alianza harakati zake za kwanza kubwa nchini India kwa kuwatetea wakulima wa nili wa Champaran. Kufikia wakati huo wanakemia wa Kijerumani walikuwa wamekwisha kuleta sokoni nili ya viwandani, tangu 1897, na ndiyo inayotumika katika sehemu kubwa mno ya jinzi za leo.

Ama pamba, hiyo inatuhusu kwa karibu kuliko tunavyodhani. Kitambaa cha suruali za kwanza za Strauss kilifumwa na kiwanda cha Amoskeag, Manchester, katika jimbo la New Hampshire. Viwanda vya eneo hilo la kaskazini mashariki vilikuzwa na pamba ya kusini, iliyochumwa na watumwa hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipowakomboa. Miongo kadhaa kabla ya jinzi kuzaliwa, kitambaa kingine cha viwanda vya upande huo kilikuwa kimekwisha kufika Unguja. Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Wamarekani mwaka 1833, na merikebu za Salem zikawa zikishusha majora ya kitambaa kigumu kisichopaushwa na kupakia pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Babu zetu walikiita merikani. Kikavaliwa, kikabebwa na misafara hadi bara, kikatumika kama fedha. Doti kadhaa kwa chakula, doti kadhaa kwa hongo ya kupita. Vita vilipozuka Marekani mwaka 1861 merikani ikaadimika, na nguo za Uingereza na India zikachukua nafasi yake. Maana yake ni kwamba tangu zamani hizo nguo ya mwambao huu imekuwa ikipanda na kushuka kwa mambo yanayoamuliwa na watu wasiotujua.

Sitakawia sana katika zama za sinema na muziki, ingawa vijana ndizo wanazozipenda. Yatosha kusema kuwa baada ya 1945 nguo ya kibarua iligeuka vazi la ujana. Katika miaka ya 1950 shule nyingi za Marekani ziliwakataza wanafunzi kuivaa, na kama mjuavyo, walimu wenzangu, hakuna tangazo la biashara linaloshinda marufuku ya mwalimu mkuu. Hata jirani zetu Tanzania, katika Operesheni Vijana iliyoanza kutekelezwa Januari 1969, Umoja wa Vijana wa TANU ulizisaka suruali za kubana pamoja na sketi fupi. Suruali zilishinda.

Turejee kwenye ushonaji. Mnamo Januari 1990 kampuni ya Levi Strauss ilitangaza kukifunga kiwanda chake kimoja cha San Antonio, Texas. Wafanyakazi zaidi ya 1,100, wengi wao wanawake wenye asili ya Mexico, waliachishwa kazi, na kazi yao ikahamishiwa Costa Rica, ambako mshahara ulikuwa mdogo mno. Wanawake hao waliunda chama chao, Fuerza Unida, wakaandamana hadi San Francisco. Mwaka uliofuata kampuni hiyo hiyo ilitoa kanuni za maadili kwa viwanda vinavyoishonea, na ikasifiwa kote kuwa miongoni mwa za kwanza duniani kufanya hivyo. Mambo yote mawili ni kweli. Mwaka 1997 ilitangaza kufunga viwanda vingine 11 na mwaka 1999 vingine 11, na kwa pamoja zaidi ya watu 12,000 wakakosa kazi. Mwaka 2003 ikatangaza kuvifunga viwanda vyake vya mwisho vya ushonaji nchini Marekani, vilivyokuwa San Antonio vilevile.

Je, kampuni ilikufa? Hasha! Mauzo yaliyumba, madeni yakalemea, lakini mwaka 2019 hisa zake ziliuzwa tena hadharani katika soko la New York. Ilikuwa imeachana na vyerehani ikabaki na farasi wawili, utepe mwekundu na mishono ya upinde.

Vyerehani vilikwenda wapi? Vingine vilifika Afrika. Rais Bill Clinton alitia saini sheria ya AGOA tarehe 18 Mei 2000. Kwa kuwa Kenya tayari ilikuwa na sheria ya maeneo ya EPZ ya mwaka 1990, viwanda vya nguo vilichipuka upesi, vikaajiri makumi ya maelfu ya watu, wengi wao wanawake vijana. Sheria hiyo iliwaruhusu washonaji wa nchi nyingi za Kiafrika kutumia kitambaa kutoka popote duniani. Kwa hivyo kontena la denimu hushuka Mombasa kutoka Asia, kitambaa hukatwa na kushonwa Nairobi au Athi River, nacho hurudi bandarini kikiwa suruali. Kilicho chetu ndani yake ni jasho la mikono, umeme na kodi ya jengo.

Wakati huohuo, pamba yetu wenyewe ilikuwa imezimia. KICOMI ya Kisumu ilifungwa. Rivatex ya Eldoret, iliyoanzishwa 1976, ilianguka, ikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, ikafufuliwa kwa mitambo mipya na kuzinduliwa upya 2019. Wengi huilaumu mitumba. Lawama hiyo ina ukweli wake, lakini hata hapo mkono wetu umefungwa. Nchi za Afrika Mashariki zilipokubaliana mwaka 2016 kuikomesha mitumba kufikia 2019, wauzaji wa nguo kuukuu wa Marekani walilalamika kwa serikali yao, na Kenya ikarudi nyuma ili isipoteze AGOA. Rwanda ilishikilia msimamo, na mnamo Julai 2018 ikaondolewa msamaha wa ushuru kwa nguo zake. Tazama basi mzunguko huo: kijana wa Gikomba hununua jinzi kuukuu ya Levi's iliyorudi kutoka Ohio, na ili ruhusa ya kushona mpya idumu, haturuhusiwi kuikataa hiyo kuukuu.

Wapo watakaosema: basi tufume denimu yetu, tatizo liishe. Ningependa iwe hivyo, na pesa za umma zilizokwenda Eldoret naziunga mkono. Lakini historia hii hii inatutahadharisha. Amoskeag, kilichokuwa kati ya viwanda vikubwa zaidi vya nguo duniani, kilifungwa katikati ya miaka ya 1930. Kiwanda cha White Oak kilichoko Greensboro, North Carolina, kilichokuja kuifumia Levi's denimu kwa muda mrefu, kilizima mitambo yake tarehe 31 Desemba 2017 baada ya zaidi ya karne moja. Kitambaa nacho huhama, ingawa mitambo ya kufuma haibebeki kwa wepesi wa cherehani. Kufuma kutatuongezea miaka na ajira za wakulima wa Lamu, Busia na Homa Bay. Hakutatupa jina.

Nasema hivi si kwa ajili ya kuwakatisha tamaa wajumbe wetu wanaokwenda Washington. Waende, wapiganie kila mwezi wa ziada. Huko Lesotho, ambako viwanda vya jinzi ndivyo tegemeo la ajira, tangazo la ushuru wa asilimia 50 la Aprili 2025 lilitosha kuwarudisha watu nyumbani hata kabla halijapunguzwa kuwa asilimia 15. Ninachodai ni kwamba pembeni mwa wajumbe hao wawepo mawakili wa nembo na wabunifu wa mavazi, na kwamba suala la majina tunayoyamiliki liwe na faili yake, si maelezo ya chini ya ukurasa.

Tumekwisha kuonjeshwa jinsi linavyoweza kuwa. Mwaka 2006 kampuni moja nchini Uingereza iliomba kusajili neno “kikoy” liwe nembo yake ya biashara. Kama ingefaulu, mfumaji wa hapa angehitaji ruhusa yake kuuza kikoi Uingereza kwa jina hilo. Pingamizi zilitolewa, wanasheria na marafiki wa biashara ya haki wakasimama nasi, na mwaka 2008 ombi hilo likaachwa. Wafumaji hawakushindwa. Lakini waliojitokeza kwanza kulipinga ombi hilo katika ofisi ya nembo ya Uingereza walikuwa Waingereza wenzao waliotuhurumia, na ada ya kesi haikutoka Nairobi.